Hupatikana Wapi

Nilitakiwa kusema hapana, na sababu za kusema hapana nilizijua zote, kwa kuwa rafiki yangu alikuwa amenieleza moja baada ya nyingine kwa wiki tatu nzima. Badala yake niliomba kalamu. Karatasi ilisema kwamba mimi, fundi wa programu wa jumuiya, nimeichunguza programu yetu ya zamani na nimeridhika kuwa kila inachokifanya kitafanywa vilevile na jukwaa jipya la ile kampuni kubwa. Sikuwa nimeichunguza. Sikuwa nimeridhika. Nilitia saini saa nne asubuhi, chai ikiwa bado inatoa moshi, na niliona fahari kwamba saini yangu ilikaa vizuri juu ya mstari.

Miaka mingi imepita tangu siku ile, na mwezi uliopita rafiki huyo, Makame, alizikwa kwao kisiwani Tumbatu. Habari zilinifikia kwa simu, katika ujumbe ambao ulikuwa umeshapita mikononi mwa watu wengi kabla ya kufika kwangu, na nilipovuka kwenda kwenye hitma watu walikuwa wameshaanza kusoma. Nilikaa karibu na viatu, mahali wanapokaa wageni na waliochelewa, na mimi nilikuwa yote mawili. Magoti yangu siku hizi hayakubali kukunjika kwa muda mrefu. Nilinyoosha mguu mmoja, nikaomba radhi kwa jirani yangu, naye akanitazama kwa upole wa mtu asiyekujua kabisa. Nikawaza kwamba mle ndani hakuna hata mmoja anayejua kuwa mimi na marehemu tuliwahi kula sinia moja kila mchana, kwa mwaka mmoja, katika chumba kimoja cha Mji Mkongwe.

Chumba kilikuwa ghorofa ya pili ya nyumba ya Bi Rukia, katika uchochoro ambao watu wawili wakipishana mmoja lazima ageuke ubavu. Dari ya boriti, kuta nene za mawe zilizotoa unga wa chokaa kila tulipofunga dirisha kwa nguvu, na unyevu uliokula kila kitu cha umeme tulichokipandisha pale. Kompyuta yetu tuliifunika kanga kuukuu ya Bi Rukia mwenyewe. Kila asubuhi Makame akiifunua kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayefunua chakula cha wageni, na akiipulizia kibodi kabla ya kuiwasha. Saa nne chai ya maziwa yenye iliki ilipanda ngazi pamoja na mkate wa kumimina, na mchana wali na mchuzi wa papa. Sinia alilibeba Salma, binti wa Bi Rukia, aliyekuwa ameolewa mwaka uliotangulia na mumewe alikuwa baharia, kwa hiyo alirudi kukaa na mamake. Mikono ikiwa imejaa aligonga mlango kwa mguu. "Hodi, wanasayansi! Mmeshagundua mwezi wa pili angani au bado?" Makame alikuwa akimjibu bila kugeuka, "Weka hapo, daktari." Salma hakuwa daktari wa kitu chochote. Alikuwa akicheka tangu chini ya ngazi mpaka juu, na ukimsikia anashuka unajua kafika kidato gani cha ngazi kwa namna kicheko kilivyokuwa kikififia.

Kazi yetu ilikuwa daftari la wachangia damu. Wakati ule mgonjwa akihitaji damu, jamaa zake walitoka hospitali mbio wakiuliza barazani nani ana kundi gani, na mara nyingi walirudi na watu kumi wasiofaa. Maalim Shaaban, mwalimu mstaafu, alianzisha jumuiya ndogo ya kujitolea na akapata kompyuta kwa mfadhili. Makame alikuwa amesoma stashahada Dar es Salaam, akaandika programu peke yake. Mimi nilikuwa na kidato cha nne na kozi ya kupiga chapa. Yeye alitembea na daftari lake lenye jalada jeusi, baraza kwa baraza, akiandika watu. Mimi niliyaingiza aliyoyaandika. Niliitwa fundi wa programu kwa sababu Maalim alitaka kwenye barua za jumuiya tuonekane mafundi wawili.

Kilichoifanya programu ile iwe ya maana ni sehemu moja tu. Baada ya jina, kundi la damu na jina la utani, palikuwa na nafasi pana Makame aliyoiita "Hupatikana wapi". Watu wengi hawakuwa na simu, na nambari za nyumba hakuna aliyezijua, hata wenye nyumba. Lakini kila mtu ana mahali pake. Nakumbuka baadhi: "Asubuhi yuko kwa kinyozi, hanyoi, anasoma gazeti." "Baada ya magharibi baraza ya kahawa, kona ya msikiti. Akikosekana kanuna, atarudi kesho." "Asitafutwe nyumbani, mkewe hajui kama anatoa damu." Nilikuwa nikicheka peke yangu nikiyaingiza. Makame hakucheka. "Hilo ndilo daftari," alikuwa akisema. "Hayo mengine yote ni mapambo."

Na alikuwepo Ali Haji Ali wa Bwejuu. Kundi lake lilikuwa O hasi, damu ya shida, inayopatikana kwa watu wachache sana hapa kwetu. Ali alikuwa muuza pweza. Pweza hupatikana maji yanapotoka sana, wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiwa mwandamo. Siku hizo watu wa Bwejuu hushuka miambani asubuhi, na alasiri Ali yuko Darajani nje ya soko la samaki, kawatundika pweza wake kwenye kamba. Maji mafu, yasiyojaa wala kutoka sana, yakiingia haonekani mjini hata kwa dawa. Watu walimwita Bamvua. Makame aliandika mistari michache ya programu iliyohesabu umri wa mwezi, na ukifungua jina la Ali kioo kilikwambia mojawapo ya maneno mawili: YUKO BWEJUU, au LEO YUKO DARAJANI. Siku alipolimaliza jambo lile alimwita Bi Rukia apande ngazi aone. Bi Rukia alitazama kioo, akatazama dirishani, akasema, "Sasa mwanangu, pweza mwenyewe anajua kama kaandikwa?"

Nassor alikuja mwezi wa tatu wa mwaka ule. Alikuwa kijana wa hapahapa aliyesoma nje, sasa wakala wa kampuni kubwa ambayo jina lake lilikuwa kwenye kila kompyuta tuliyowahi kuiona. Siwezi kumsema vibaya. Alikuwa na adabu, alivua viatu mlangoni, na aliamini kila alichokisema. Mfadhili alikuwa tayari kutupa kompyuta mbili mpya pamoja na jukwaa jipya la kutengenezea programu, na Nassor alikuja kutuonyesha. Bi Rukia alikuwa ngazini na birika. "Jukwaa?" akauliza. "Kwani mna taarabu?"

Kwa dakika kumi Nassor alitengeneza mbele yetu daftari zuri kuliko letu. Hakuandika hata mstari mmoja. Alikuwa akiburuta visanduku kutoka pembeni, anaviachia, vinakaa. Rangi ya kijani huku, kitufe kule. Mimi nilikuwa nimefungua mdomo. Makame alikunywa chai mpaka ikaisha, kisha akauliza.

"Mtu asiyekuwa na simu unamwandika wapi?"

"Hapa pana mtaa, nambari ya nyumba, na sanduku la posta."

"Hana."

"Basi unaacha wazi, kaka."

"Wanaoitwa Khamis Haji Khamis wako wangapi hapa mjini?"

Nassor alicheka kwa heshima. "Wengi."

"Jukwaa lako litawajuaje?"

"Linatambua majina yanayojirudia, linakusaidia kuyaunganisha. Kusafisha taarifa."

"Nani kakwambia ni wachafu?" Makame akageuza kikombe juu ya kisahani. "Na huu mwezi wangu? Haya mahesabu ya bamvua nitayaandika wapi, maana naona hapana pahali pa kuandika."

"Hiyo inakuja kwenye toleo lijalo."

"Na kampuni ikichoka na jukwaa lenyewe?"

"Kampuni kubwa kama ile haichoki, kaka Makame."

"Yakhe, wakubwa ndio wanaochoka haraka."

Bi Rukia alikuwa bado amesimama pale na birika. Tangu siku ile kila kilichokosekana nyumbani mwake kilikuwa kwenye toleo lijalo. Ukiuliza pilipili, toleo lijalo. Maji yakikatika, toleo lijalo. Salma aliyekuwa ameanza kuwa mzito aliulizwa na jirani mtoto anatarajiwa lini, akajibu kutoka dirishani, "Toleo lijalo, bibi!" na baraza nzima chini ikaangua kicheko bila kujua inacheka nini.

Wiki tatu zilizofuata Makame alijaribu kunielewesha. Hakuwa mtu wa kupinga kila kipya. Kompyuta yenyewe ni yeye aliyeipigania. Alichokuwa akikikataa, aliniambia tukitembea kutoka msikitini, ni kitu kilichotengenezwa na watu ambao hawajawahi kumtafuta mtu wa hapa, kisha ukaambiwa ubadilishe watu wako wakifuate. "Wao wamefikiria ofisi," alisema. "Ofisi yenye mlango na nambari. Si vibaya. Lakini sisi hatumtafuti mtu ofisini." Nilimwambia anaogopa kupitwa. Maneno hayo niliyachukua kwa Nassor, nikayasema kama yangu. Makame akasema, "Mimi nnaogopa siku moja tu, Sule. Siku utakayotafuta mtu usimpate."

Sasa niseme kwa nini nilitia saini, maana nimejidanganya vya kutosha. Mfadhili alitaka fundi mmoja wa jumuiya athibitishe kwa maandishi kwamba programu ya zamani inaweza kuachwa. Makame alikataa. Nikabaki mimi. Na atakayetia saini ndiye atakayepelekwa Nairobi wiki mbili kusomea jukwaa, na kurudi na cheti cha kampuni. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, na karatasi pekee yenye jina langu ilikuwa ya kidato cha nne, yenye alama ambazo sikupenda mtu azione. Kila siku nilikaa ubavuni mwa mtu mwenye stashahada. Hakuwahi kunidharau hata mara moja, na hilo ndilo lililokuwa likiniuma zaidi. Nilitaka cheti. Hakuna sababu nyingine, na zote nilizompa Maalim Shaaban asubuhi ile zilikuwa za kukopa.

Makame aliipata habari mchana, sinia likiwa katikati yetu. Alikuwa ameshakata kipande cha samaki, akakirudisha. "Umetia?"

"Nimetia."

"Uliisoma?"

"Niliisoma."

"Haya." Akala kidogo kwa ajili ya Bi Rukia, akanawa. Nilipokuwa Nairobi alikusanya vitu vyake, akachukua daftari lake lenye jalada jeusi, akarudi Tumbatu kufundisha hesabu. Bi Rukia aliniambia kwamba aliifunika kompyuta vizuri kabla ya kuondoka.

Nilirudi na cheti ndani ya bahasha ngumu, nikakitundika juu ya meza. Kazi ya kuhamisha daftari niliifanya kwa siku moja. Jukwaa lilinionya, kwa Kiingereza, kwamba jina la utani na nafasi ile pana havina mahali pa kuwekwa na vitarukwa. Nililisoma onyo mara mbili. Palikuwa na kitufe cha kusimama na kitufe cha kuendelea, na mimi nilibonyeza kuendelea, nikijiambia kwamba nitayaingiza maneno yale baadaye, kwa mkono, toleo lijalo likifika. Kisha likaniambia limeona majina yanayojirudia, je, liyaunganishe? Nikasema ndiyo. Kompyuta ya zamani ikachukuliwa kupewa skuli. Zikabaki diski sita za akiba, zenye maandishi ya Makame ubavuni. Wiki ile Nassor aliniazima seti ya diski za jukwaa niinakili haraka kabla hajapanda boti ya mchana, na diski tupu Darajani zilikuwa zimekwisha. Nilizifuta zile sita. Hili sijawahi kumwambia mtu mpaka leo ninapoliandika. Nilizifuta moja baada ya nyingine, nikibandika karatasi mpya juu ya mwandiko wake, na nilikuwa nikipiga mluzi.

Miezi ilipita na hakuna kilichoharibika, na hilo lilinifanya niwe na kiburi. Makundi ya kawaida ya damu yana watu wengi. Ukimkosa mmoja unampata mwingine. Maalim Shaaban alileta wageni kutazama kioo chenye rangi ya kijani. Bi Rukia aliendelea kunilisha, ila sinia lilikuwa dogo, la mtu mmoja, na Salma aliyekuwa hapandi tena ngazi kwa ajili ya tumbo alinisalimu kwa sauti kutoka chini. "Hodi, mwanasayansi!" Alikuwa ameshaondoa wingi.

Alijifungua siku ya Jumatano asubuhi, hospitali, mtoto wa kike. Saa sita Bi Rukia alipanda ngazi mwenyewe, jambo alilokuwa ameshaliacha kwa sababu ya miguu. Hakuwa na birika. Alishika fremu ya mlango.

"Sule, mwanangu, Salma anatoka damu. Haisimami. Wanasema damu yake si ya kila mtu, na iliyokuwepo imekwisha. Wamesema O, kisha neno jingine."

"O hasi."

"Hiyo. Fungua hicho kitu chako."

Nilifungua. Wenye O hasi walikuwa wanne. Mmoja alikuwa amehamia Muscat, mmoja amefariki, wa tatu alikuwa mwanamke mwenye mimba naye. Wa nne: Ali Haji Ali. Mtaa: Mkokotoni. Kazi: mwalimu. Nilimtazama Ali yule kwenye kioo na nikajua kuna kitu kimekosekana. Nilikumbuka kwamba palikuwa na mtu wa O hasi ambaye Makame alimfurahia, na kwamba palikuwa na habari ya mwezi, lakini jina lake sikulikumbuka kama ni Ali, na wapi anapokaa sikukumbuka. Mimi nilikuwa nikiingiza tu. Aliyekuwa akiwajua ni Makame, na baada yake ni programu. Sasa kioo kilikuwa na nafasi ya nambari ya nyumba, iko wazi, na nafasi ya simu, iko wazi.

"Kapatikana?" Bi Rukia akauliza.

"Kapatikana," nikasema. "Yuko Mkokotoni. Nnakwenda sasa hivi."

Niliazima vespa. Njia ya kwenda shamba inapita Darajani, na nilipita pale saa saba, jua likiwa kichwani, wauza samaki wengi wakiwa bado hawajapanga. Nilifika Mkokotoni saa nane. Mwalimu Ali Haji Ali nilimkuta darasani, akatoka na chaki mkononi, akanisikiliza, na bila kuuliza chochote akaanza kukunja mkono wa shati kama vile sindano ninayo mimi. Kisha akasema, "Lakini mimi ni A. Nshapimwa mara tatu." Akanionyesha kadi. Jukwaa lilikuwa limemchukua mwalimu wa Mkokotoni na mtu mwingine mwenye majina yaleyale matatu, likawafanya mmoja: damu ya huyu, nyumba ya yule.

Skuli ile iko karibu na pwani. Nilishuka na vespa mpaka mwisho wa njia na nikasimama. Tumbatu iko mbele yako pale, unaona minazi na mapaa. Makame alikuwa huko, na daftari lake. Mashua ya kuvuka ilikuwa inapakia magunia ya unga, nahodha akaniita, "Unakwenda, mzee? Twaondoka." Ningevuka, ningemwambia maneno mawili, naye angenijibu neno moja. Kwa miaka mingi nimejihesabia dakika za kwenda na kurudi ili nijithibitishie kwamba nisingewahi. Ningewahi. Lakini ingenibidi nisimame mbele yake niseme kwamba siku ile aliyoiogopa imefika, na kwamba niliyoyafanya niliyafanya kwa mikono yangu. Nilimwambia nahodha, "Siendi." Nikageuza vespa.

Niliporudi mjini ilikuwa saa kumi. Darajani palikuwa pamejaa, watu wananunua kitoweo, na nilipunguza mwendo mpaka karibu kusimama. Nje ya soko la samaki palikuwa na pweza waliotundikwa kwenye kamba. Niliwaona. Nakumbuka niliwaza kwamba ni wakubwa, wa bamvua.

Salma alifariki kabla ya magharibi. Alizikwa kesho yake asubuhi, na Makame alifika maziko, ameloa miguu mpaka magotini. Hakunisalimu mpaka tuliporudi kutoka makaburini. Tulikaa barazani kwa Bi Rukia, watu wengi, yeye upande wangu.

"Ulimtafuta Bamvua?"

Niliposikia jina lile ndipo nilipokumbuka kila kitu, kamba, mwezi, maandishi kwenye kioo. "Nilimtafuta Ali Haji Ali. Mashine ilinipeleka Mkokotoni."

"Mkokotoni." Alikuwa akitazama chini. "Ulifika?"

"Nilifika."

"Skuli tu, au ulishuka pwani?"

Ningeweza kusema uongo. "Nilishuka mpaka pwani."

Aliinuka. Baadaye Bi Rukia, macho yamevimba, alimshika mkono mlangoni akamwambia, "Makame mwanangu, wewe ndiye uliyelijua daftari. Nini kilikosea?" Mimi nilikuwa hatua mbili nyuma yao. Nilingoja. Nilikuwa tayari, nadhani, au napenda kudhani hivyo.

"Mashine, Bi Rukia," Makame alisema. "Mashine ilikosea. Hakuna mtu."

Ali Bamvua alikuja siku ya tatu na furushi la mchele. Alisema alikuwa amekaa pale nje ya soko tangu alasiri, na kwamba kutoka pale hadi hospitali yeye huenda kwa miguu. Aliyasema hayo polepole, mara mbili, kama mtu anayeomba asamehewe.

Kampuni kubwa ililiacha jukwaa lake baada ya miaka michache. Barua ilikuja kwa Maalim Shaaban, yenye maneno mazuri, ikimshauri ahamie kwenye jukwaa jingine. Nassor aliacha kazi ile akafungua duka la vitabu. Nilipokutana naye aliniamkia kwa heshima na hakukumbuka chumba. Mwaka huu vijana wa mtaani kwangu Kikwajuni walinialika kwenye onyesho, kwa kuwa walisikia niliwahi kuwa mtu wa kompyuta. Kijana aliyekuwa mbele alisema siku hizi huhitaji hata kuburuta. Unaiambia kompyuta kwa maneno, programu inajitengeneza yenyewe. Kikatengenezwa kitu kizuri kwa dakika tatu. Nilinyoosha mkono nikauliza mtu asiyekuwa na anwani ataandikwa wapi. Akanijibu kwa adabu kwamba hiyo wanaifanyia kazi. Niliondoka kabla ya juisi.

Mimi na Makame hatukugombana. Tulikutana mara kadhaa katika miaka hii yote, maziko na harusi, tukaulizana hali, akasema njema, nikasema njema. Hakuwahi kukaa nami. Nilihama chumba kile mwaka uleule, na ule uchochoro sikuupita tena. Nikiwa na haja upande ule nazunguka. Bi Rukia alipofariki nilisimama nyuma ya jeneza lake pamoja na watu wa mtaa, si pamoja na watu wa nyumba.

Kwenye hitma Tumbatu, watu walipoanza kutawanyika, alinijia mwanamke mtu mzima mwenye uso wa Salma. Alikuwa na sauti ya ngazini. "Shikamoo, ami. Wewe ndiye Ami Sule?" Nikaitikia marahaba. Alikuwa Rukia, mtoto wa Jumatano ile, aliyepewa jina la bibi yake. Aliniambia kwamba Ami Makame alimfuatilia tangu mdogo, akamfundisha hesabu, na kwamba kwa miaka mingi wawili hao walikuwa wakiliweka hai daftari la wachangia damu, kwa mkono, kwa ajili ya wale ambao simu zao hazipatikani. Sasa limebaki kwake, na anapita kuwahakiki watu mmoja mmoja. "Nikaona nihakiki na wewe maadamu upo," alisema, akafungua jalada jeusi, daftari la ngapi sijui.

Ukurasa wangu ulikuwa umejaa. Kundi B. Hupatikana wapi: maskani zangu zote zilikuwa pale, moja imekatwa kwa mstari, nyingine imeandikwa chini yake, mwandiko wa Makame ukianza imara na ukizidi kutetemeka. Nyumba niliyopanga baada ya kuhama kwa Bi Rukia. Bwejuu, miaka miwili niliyokaa ukweni. Wodi niliyolazwa kwa maradhi ya nyonga. Sijui alimuuliza nani. Mstari wa mwisho haukukatwa: "Kikwajuni, baraza ya fundi cherehani, baada ya alasiri. Hukaa peke yake."

"Ni kweli bado, ami?" Rukia akauliza, kalamu mkononi.

Nikasema ni kweli. Kisha nikamwomba akae, nikamwambia habari ya diski sita na habari ya pwani ya Mkokotoni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alifunga daftari, akasema anakwenda kusaidia kukusanya masinia, na hakurudi.

Cheti cha Nairobi sijui kilipopotelea. Kwa ajili yake Salma alikufa, na mtoto wake akakua bila mama. Mimi nilimpoteza Makame, aliyekuwa rafiki yangu wa pekee, na kwa miaka yote iliyobaki alijua mahali pa kunipata na hakuja.